Uliza Mzee wa Kituoni: Kijiwe chenye daftari

*Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa bajaji kwenye kituo kimoja huku Goba, Dar es Salaam. Mwezi uliopita tuliitwa semina. Tulipewa soda na kofia, tukaambiwa tuunde "jumuiya ya utendaji" pamoja na wenzetu wa daladala, bodaboda na watu wa zahanati, ili usafiri wa mtaa uende kwa kupangana. Tumerudi na hatujui tuanzie wapi. Wengine wanataka tusajili chama, wengine wanasema vyama tunavyo vitatu tayari na vyote vinagombana. Huku abiria wa saa kumi na mbili asubuhi wanaachwa, wanafunzi wanasukumwa mlangoni, wagonjwa wanapanda boda mbili kufika mahali pamoja. Hiyo jumuiya ni mdudu gani, na itatusaidia nini?*
— Katibu, Goba

Marahaba, mwanangu. Kofia ivae, jua la Dar halichagui. Chama msisajili kwanza.

Huyo mdudu unamjua, ila semina ilimvalisha suti. Ni kijiwe. Watu wa kazi moja wanakaa mahali pamoja mara kwa mara, na katika kupiga soga mmoja anamwambia mwenzake jinsi alivyolipita shimo la jana, na kesho mwenzake naye analipita. Kinachokitofautisha na kijiwe cha kahawa na bao ni mambo mawili: mna tatizo moja linalowagusa wote, na kuna mtu ana daftari.

Binti yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi walimu wana mafunzo yao ya kazini, MEWAKA, wanakaa wenyewe kwa wenyewe shuleni na kuulizana kwa nini darasa la tatu haliambulii kitu kwenye kutoa kwa kukopa. Wanaziita jumuiya za kujifunza. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba jambo hili lina wenyewe. Watafiti wawili, Jean Lave na Etienne Wenger, waliliandikia mwaka 1991, na sehemu ya mambo waliyoyatazama ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanagenzi wa pale haanzi kwa kukata kitambaa. Anaanza mwishoni, kwenye vifungo na pindo, nguo ikiwa imeshashonwa, halafu anarudi nyuma polepole hadi siku anayoaminiwa mkasi. Kifungo ukikikosea unakifungua. Kitambaa ukikikata vibaya kimekwenda.

Niliposikia hivyo nilicheka, maana ndivyo tulivyofundishwa sisi bila kuandikwa na mtu. Nilianza ukonda UDA, shirika la mabasi la Dar, mwaka 1982, enzi za Ikarusi kumbakumba, yale mabasi marefu, na mitaani magari madogo ya chai maharage yakibeba watu kwa kujificha. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi na daladala zikawa halali. Nikahamia huko. Kijana wa daladala anaanza kwa kuosha gari usiku. Kisha anaita abiria. Kisha anashika nauli, tena mwanzoni zile za nyuma tu. Siku moja suka, yaani dereva, anamwambia "hebu sogeza gari kwenye foleni", mita kumi, akiwa anamtazama. Baada ya mwaka au miaka miwili anapewa udeiwaka, yaani kushika usukani kwa muda, mizunguko miwili suka akila. Hakuna aliyetupa cheti cha kujua kwamba mvua ikinyesha Jangwani ukae tayari kugeuza.

Sasa kwa nini ujuzi huo haupangi usafiri wa mtaa? Kwa sababu kila mmoja anao wa kwake. Konda ana kipande, boda ana kipande, muuguzi ana kipande, na hakuna siku vipande hivyo vinalazwa juu ya meza moja. Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa msimamizi wa kituo kimoja Mbagala ya ndani. Alhamisi kulikuwa na kilio cha akina mama wenye watoto wachanga. Wanatoka zahanati, wanakaa juani, gari hakuna. Wenye daladala tukawalaumu wenye bajaji kwamba wanawanyakua abiria. Bajaji wakatulaumu sisi kwamba tunakata ruti, tunageuza gari kabla ya kufika mwisho, na kweli tulikuwa tunakata. Tulikaa chini ya mkungu, kwenye benchi la mama ntilie, watu tisa, kwa sababu tu mvua ilitukusanya. Konda mmoja akasema, "Alhamisi huko mwisho hakuna watu, mimi saa tatu nilipita kituo kitupu, kwa nini nifike?" Kijana wa bajaji akaguna: "Kitupu? Alhamisi ndiyo siku yetu ya kula." Mimi nikawa najiuliza nani hapa muongo.

Hakukuwa na muongo. Mama ntilie ndiye aliyemwita muuguzi aliyekuja kununua maandazi, naye akatueleza jambo ambalo miaka yangu yote barabarani sikuwahi kulisikia. Chupa ya chanjo ya surua inatoa dozi kumi. Ikishachanganywa haikai zaidi ya saa sita, iliyobaki inamwagwa. Kwa hiyo wauguzi husubiri watoto watimie ndipo wafungue. Mama anayefika saa moja anamsubiri wa saa tatu. Wote wanachanjiwa pamoja, wote wanatoka pamoja, kwenye saa tano. Na saa tano, mwanangu, ndiyo saa ambayo magari yetu yalikuwa yamelala: suka anakula, konda anaosha vioo, abiria wa asubuhi wamekwisha na wa jioni hawajaanza. Konda aliona kituo kitupu saa tatu, na kweli kilikuwa kitupu. Bajaji aliona neema saa tano, na kweli ilikuwapo.

Hatukuandika barua kwa mtu. Magari mawili yakakubali, Alhamisi tu, chakula kisogezwe hadi saa sita. Bajaji wakabisha kwanza, na walikuwa na haki, maana walikuwa wanampeleka mama mmoja hadi Rangi Tatu kwa elfu tatu. Tukahesabu pale pale, kwa vizibo vya soda juu ya benchi. Elfu tatu moja, kurudi mtupu, foleni ya kurudi, mafuta. Ama mizunguko minne mifupi kutoka geti la zahanati hadi kituoni, watu watatu kila mzunguko, mia tano kila mtu: elfu sita kabla ya adhuhuri na hujagusa foleni ya barabara kuu. Kijana mmoja alivihesabu vizibo mara ya pili peke yake, halafu akasema "haya". Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za ubishi, gari moja likawa linatoroka zamu. Wiki ya nne muuguzi akaanza kutuma mtu kituoni kusema "leo ni wengi" au "leo ni wachache".

Ukishalielewa hilo umeielewa semina yote.

Nani mwite? Usiwaite wenyeviti. Nawaheshimu, nimekuwa mmoja wao, lakini mwenyekiti huja na msimamo wa chama mfukoni. Mwite konda anayelala kituoni, boda wa usiku, dereva wa bajaji mwenye maneno machache, mlinzi wa geti la zahanati, mwalimu wa zamu, na muuza genge aliyekaa pale miaka kumi. Huyu wa mwisho ndiye kamera ya kituo. Abiria mmoja au wawili lazima wawepo, na angalau mmoja awe mtu anayepata shida kupanda gari. Watu saba hadi kumi wanatosha. Wageni waachwe wasikilize tu siku za mwanzo, kama yule wa vifungo; atasema akiwa tayari. Mkae saa nne asubuhi, magari yakiwa na nafasi, muda wa chai na chapati mbili. Kikao kikizidi hapo kimeshakuwa mkutano.

Na muwe na sharti moja la chuma: linalosemwa kijiweni haliendi kwa trafiki wala kwa tajiri mwenye gari. Konda hawezi kukiri kwamba anageuzia njiani kama anajua kesho atasimamishwa. Bila kukiri huko hamtajua kwa nini anageuza. Nimewahi kukuta sababu ilikuwa shimo moja tu lililokuwa linakata springi.

Niliongelee kidogo hilo la mtu mwenye shida ya kupanda, maana ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kituoni kwetu palikuwa na dada anayetumia kiti cha magurudumu. Makonda walikuwa wanamkwepa, au wanamtoza siti mbili. Siku alipokuja kijiweni hakulalamika. Alisema, "Hamjui kukikunja, mnaogopa kukivunja." Kweli hatukujua. Tulikuwa tunabana mikono ya kiti kwa pembeni kwa nguvu, kama mtu anayefunga lango lenye kutu. Akamwita konda wetu mmoja: nyanyua vile vya kukanyagia, sasa shika kitambaa cha kukalia katikati, mbele kwa mkono mmoja na nyuma kwa mkono mmoja, vuta juu. Kiti kikajikunja chenyewe, chembamba kama begi la nguo. Watu wakapiga makofi. Konda mwingine, aliyewahi kubeba ndoo za samaki wa Feri, akaonyesha pa kukiweka: nyuma ya siti ya dereva, kimesimama, kimefungwa na mpira wa tyubu, hakimgusi abiria na hakichezi kwenye matuta. Wakabaki na moja tu la kujua, na dada akalimaliza: "Mimi mnishike hapa chini ya kwapa baada ya kuniuliza, sio kabla." Kwa dakika kumi na tano makonda wanane walijua. Wiki iliyofuata nikamwona wa tisa, ambaye hakuwepo, akikunja vile vile. Alijifunza kwa kumwangalia mwenzake kituo cha mbele.

Sasa daftari. Lile la kurasa arobaini linatosha. Chora mistari mitatu: siku, saa, nani aliachwa. Anayeandika awe anayekaa kituoni, sio anayepita. Msiandike "abiria wengi", hesabu vichwa. Mtalihitaji siku mtakapokutana na jambo ambalo vizibo vya soda havilimalizi. Maana usafiri wa mtaa wetu una wenyewe wengi: leseni ya daladala na ruti yake ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, barabara kuu ni TANROADS, ya mtaani ni TARURA, pa kuegesha na kituo chenyewe mtaongea na halmashauri, mabasi ya mwendokasi yako chini ya DART. Mkienda na maneno "wananchi wanateseka" mtaambiwa suala lenu linafanyiwa kazi. Mkienda na karatasi inayosema Jumatatu saa 12:10 hadi 12:50 asubuhi wameachwa watu 34, Jumanne 31, Jumatano 36, wiki sita mfululizo, yule afisa naye anapata kitu cha kumpelekea bosi wake. Sisemi mtapewa gari kesho.

Nairobi walifanya jambo la namna hii kwa ukubwa wake. Ruti za matatu zilikuwa vichwani mwa makanga na abiria, hazikuwa na ramani inayoeleweka. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia kutoka Marekani, wakapanda matatu na simu mkononi, kila kituo wanakiweka alama. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye ruti zaidi ya 130, imechorwa kwa rangi kama za treni za ulaya. Hawakubuni ruti hata moja, waliandika tu kile ambacho makanga wamekijua siku zote. Na wasikuchanganye na sacco za matatu, yaani vyama vya ushirika vya wenye magari, hicho ni kitu kingine: sheria za kule zinataka mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30 ndipo apate leseni. Sacco inashika hesabu na nidhamu. Kijiwe kinashika ujuzi. Mwaweza kuwa na vyote viwili, ila msikigeuze kimoja kuwa kingine.

Nakwambia hivyo kwa sababu chetu kilikufa. Mwaka 2019 lilikuja shirika moja, likaona, likapenda, likaleta posho ya elfu kumi kwa kila kikao. Kikao cha kwanza cha posho tulikuwa 41. Niliwahesabu kumi na wanne ambao hawaendeshi hata baiskeli. Mama ntilie akakosa pa kukaa kwenye benchi lake mwenyewe. Fedha za mradi zilipoisha tukabaki wawili, mimi na yeye, na yeye alikuwa kazini. Ilichukua karibu mwaka mzima kurudi watu sita. Kwa hiyo wale wa semina wakija na bahasha, wapokeeni vizuri, waombeni wajenge kibanda cha kivuli au wanunue turubai. Hela ya mkononi wakatazeni.

Anza na swali moja dogo. Usianze na "tuboreshe usafiri Goba". Anza na wale wa saa kumi na mbili asubuhi. Gari la kwanza linatoka wapi, limeshajaa likifikia wapi, na bajaji za saa hiyo ziko wapi? Nahisi mtakuta zimelala, kwa kuwa mnaamini daladala zinatosha.

*Mzee wangu, sisi Buguruni tulianzisha kundi la WhatsApp la boda na daladala kwa ajili ya kupeana habari za foleni. Sasa limejaa Simba na Yanga, dawa za nguvu na picha za asubuhi njema. Tulifute?*
— Boda, Buguruni

Msilifute. Simba na Yanga ndiyo inayowafanya walifungue. Acha iwe huko. Fungueni la pili la watu kumi na tano tu, liwe la sauti, maana mwenye pikipiki haandiki. Sauti isizidi nusu dakika na ianze na mahali: "Tazara, lori limekatika, upande wa kwenda mjini." Anayeweka dawa za nguvu anatolewa hadi kesho yake, halafu anarudishwa. Msimtoe kabisa, anaweza kuwa ndiye pekee anayepita Tazara alfajiri. Ila simu haifundishi kukunja kiti cha magurudumu. Kaeni ana kwa ana pia, hata mara moja kwa mwezi.

*Kaka, mimi ni mjane, nina kipanya kimoja, daladala ndogo, ndicho kinachosomesha. Dereva wangu kila Jumatano ananiambia alikuwa "kijiweni kwa ajili ya mipango ya ruti". Hesabu inaletwa pungufu ya elfu tano siku hiyo. Hicho kijiwe kinanihusu nini mimi?*
— Mama wa kipanya kimoja, Temeke

Dada yangu, pole na majukumu. Sitamtetea dereva nisiyemjua. Kijiwe cha kweli kinakula nusu saa, tena saa ambayo gari halina abiria, hakiwezi kula elfu tano. Akikaa asubuhi nzima, basi anacheza bao.

Lakini usimkataze kabla hujauliza. Muulize Jumatano jioni, kwa upole, akiwa anahesabu noti: leo mmejifunza nini? Akikujibu "tumeongea mambo mengi", mkate hiyo elfu tano. Akikwambia kwamba wamegundua soko fulani siku hizi linafungua saa kumi na moja na akina mama wa mboga wanakosa usafiri, mwambie kesho aamke mapema aende huko, na wewe mwamshe kwa simu.

Wiki mbili zikipita, niandikie hesabu imekuwa ngapi.